Mbege Ina Siku Yake

Bia ya chupa humfuata mtu aliko. Utaikuta Kariakoo, utaikuta Mtukula mpakani, utaikuta kwenye kibanda cha mwisho kabla ya lango la hifadhi, na popote utakapoifungua ladha yake ni ile ile. Mbege haiko hivyo. Ukiitia kwenye dumu Moshi ukapanda nayo basi la Dar es Salaam, itachachuka njia nzima, dumu litavimba, na jioni utakachomimina si kile ulichonunua asubuhi. Anayetaka kuijua hana budi kuifuata kwenye migomba yake, mlimani Kilimanjaro, tena afike siku inayotakiwa.

Niliifuata mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Mimi ni mzaliwa wa Kagera, na kwetu pombe ya ndizi ni lubisi. Ndizi huvundikwa zikaiva, humenywa, kisha hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi uliochongwa kwenye gogo. Maji yake huchujwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya migomba hadi kesho yake. Kazi hiyo nilikulia nikiiona mikononi mwa wanaume. Sisi wasichana tulitumwa nyasi na maji, lakini kuonja na kuamua kwamba sasa imekuwa pombe kulibaki kwa baba zetu. Niliposikia kwamba mlimani kwa Wachaga mapipa yako mikononi mwa akina mama, nilitaka kukaa nao karibu na moto na kumuuliza kila mmoja swali moja: mbege iliyo bora kuliko zote ni ipi?

Nilianzia Moshi mjini, soko la Mbuyuni, kwa wauza nafaka, kwa sababu mbege ina miguu miwili, ndizi na ulezi, na ulezi ndio unaonunuliwa. Zamani ulilimwa mlimani kwenyewe. Wachaga walichimba mifongo, ile mifereji mirefu inayoteremsha maji kutoka mito ya juu hadi mashambani, na ulezi ulikuwa miongoni mwa mazao yaliyomwagiliwa wakati wa kiangazi, hasa kwa ajili ya pombe. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kilipozidi kubanwa na kahawa, nyumba na wajukuu, ulezi ulikosa nafasi. Sasa sehemu kubwa yake huja na malori kutoka mikoa mingine.

Mama mmoja aliyekuwa akinunua alizamisha mkono ndani ya gunia hadi karibu na kiwiko, akatoa punje za chini kabisa, akazipuliza, akazitafuna. Nilimwamkia, nikamuuliza anatafuta kasoro gani.

“Naangalia kama ni mzima,” alisema. “Ulezi ukikaa sana ghalani unakufa. Ukifa hauoti. Usipoota, mwanangu, umenunua unga wa uji wa watoto, hukununua mbege.”

Hakununua gunia. Alipimiwa kilo moja, aende akailoweke na kuifunga kwenye kitambaa kibichi, aone zinachipua ngapi, ndipo arudi na fedha zake. Uangalifu huo una sababu. Punje inapoanza kuota hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunja wanga wake uwe sukari, ili mmea mchanga upate chakula. Mpika pombe huuacha ulezi uote kidogo, kisha huuanika juani ili ukomee hapo, na kuusaga. Unga huo ndio kimea. Nguvu iliyokusudiwa kulisha mche hubaki ndani ya unga, ikisubiri maji na moto. Watengenezaji bia wa Ulaya hufanya vivyo hivyo na shayiri.

Kutoka Moshi nilipanda daladala hadi Himo, mji wa njia panda, wenye vumbi na malori yaendayo Holili na Taveta. Himo iko chini, na hata mwezi wa Julai mchana wake una joto. Nyuma ya barabara kuu nilikaribishwa kwenye kilabu cha mbege, mabenchi marefu chini ya bati, na mwenye kilabu, mwanamke wa umri wangu, alinionyesha mapipa yake bila kinyongo. Alivundika ndizi, akazimenya, akazichemsha, akaziacha zichachuke, kama wafanyavyo wa juu, lakini kwake mambo yalikwenda mbio.

“Hapa joto halikupi nafasi, dada,” alisema. “Wenzangu wa juu wanaweza kulala. Mimi nikichelewa nusu siku, imepita.”

Nilimuuliza swali langu. Alijibu bila kufikiri: mbege bora ni ile inayokwisha jua likiwa bado liko juu, maana ikilala haina bei. Niliyaandika maneno yake nikidhani ni hesabu ya biashara tu. Nilipofika juu ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameligusa jambo lenyewe.

Barabara ya Marangu huiacha Himo na kuanza kupanda mara moja. Kwenye mwendo mfupi hewa hubadilika. Vumbi hukatika, madirisha ya daladala hufungwa moja baada ya jingine, na migomba huja kusimama pande zote mbili hadi uione nyumba kwa paa tu. Hivi ndivyo vihamba, mashamba yaliyopandwa kwa ghorofa. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Ng'ombe hukaa bandani, hulishwa migomba na majani yaliyokatwa, na samadi yake hurudi kwenye mashina. Machicha ya pombe nayo huishia humo humo, mengine kwa ng'ombe na nguruwe, mengine shambani.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mwenye wajukuu wakubwa, niliyepelekwa kwake na mpwa wake anayefanya kazi Moshi. Alikuwa ameombwa kupika mbege ya posa. Mjukuu wa kaka yake alikuwa anaposa kijiji cha jirani, na kwa Wachaga hupeleki posa mikono mitupu: mbege hutangulia, wazee wa upande wa pili huionja, ndipo maneno huanza. Posa ilikuwa Jumamosi. Nilimkuta bibi jikoni, nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Umekuja wakati mzuri, nyalu iko pipani.”

Aliponieleza alivyofika hapo, hakuanza na ndizi. Alianza na Jumamosi, akarudi nyuma akihesabu kwa vidole. Jumamosi asubuhi mbege inywewe. Basi Ijumaa ichanganywe. Ili ichanganywe Ijumaa, nyalu, yaani ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, iwe imekomaa usiku wa Alhamisi. Kwa baridi ya Julai nyalu inataka siku sita, na ingekuwa Januari ingetaka nne. Kwa hiyo ndizi zilichemshwa Ijumaa iliyopita. Ili ziive vizuri kwa Ijumaa ile, zilikatwa na kuvundikwa wiki nzima kabla. Ulezi nao ulilowekwa siku yake, uliota siku zake, na ulianikwa kwenye jua hafifu la mlimani ambalo huwezi kuliamuru. Waliomwomba kupika walimletea tarehe moja tu. Tarehe nyingine zote alizipanga mwenyewe kichwani, bila kalenda.

Jirani yake alikuwa anachemsha ndizi kwa ajili ya shughuli nyingine, na bibi alinituma huko nikaone hatua niliyoikosa. Si ndizi yoyote ile. Mchare huachiwa mtori, na kwa pombe hutafutwa ndizi zinazoiva zikawa laini na tamu. Humenywa, hutiwa kwenye pipa na maji, na moto wa kuni hauruhusiwi kuzimika kwa saa nyingi. Mwanzoni ni rojo jeupe lenye harufu ya ndizi mbivu tu. Taratibu linageuka manjano, kisha hudhurungi, hadi kufikia wekundu wa tofali la kuchoma. Jirani yule alikoroga kwa mwiko mrefu kama jembe, akiangalia rangi na si saa. Alisema anayeondoa pipa motoni likiwa bado la manjano atapata mbege iliyopauka, isiyo na mwili.

Ndizi zikipoa hufunikwa na kuachwa. Hakuna hamira ya dukani inayotiwa. Nilimuuliza bibi kinachoichachusha ni nini, akaligonga pipa lake kwa kiganja: pipa linajua kazi. Huliosha kwa maji matupu, na halitumii kwa kitu kingine chochote. Sayansi inamuunga mkono. Hamira na bakteria wa maziwa mgando huishi kwenye vyombo, kwenye maganda ya matunda na hewani, na chombo kinachotumika kwa kazi moja miaka mingi hujenga ukoo wake. Hata Wajerumani walipika hivyo kwa karne nyingi. Sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Hamira haimo, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba ni kiumbe hai. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kuitenga mbegu moja safi ya hamira na kuikuza peke yake. Tangu hapo bia ya kiwandani ilipata mlinzi mmoja anayejulikana kwa jina. Pipa la bibi lina kijiji kizima ndani yake, na yeye hukisimamia kwa pua na sikio.

Kwa sikio, nasema kweli. Alhamisi asubuhi aliinama, akaweka sikio kwenye ubavu wa pipa, akanyamaza kwa muda. Akaniita nami nisikilize. Ndani mlikuwa na mchemko mdogo mdogo, mapovu yakipanda na kupasuka bila kukoma. Kwangu ilikuwa sauti ya afya. Yeye alikunja uso.

“Bado ina kelele. Kwa leo ilipaswa kuwa imeanza kuchoka.”

Usiku uliopita ukungu ulikuwa umeshuka na baridi ilikuwa kali. Nyalu ilikuwa imebaki nyuma. Bibi alimwita mjukuu wake na kijana wa jirani, wakalisogeza pipa karibu na mafiga, wakalivika magunia mawili na majani makavu ya migomba, na moto mdogo uliwashwa na kulindwa mchana kutwa. Hakuongeza sukari wala kitu kingine. Aliongeza joto tu, na kila mara alirudi kusikiliza. Saa za alasiri aliagiza magunia yaondolewe. Jioni aliniita tena. Mchemko ulikuwa umepungua, na kati ya povu na povu mtu angeweza kuvuta pumzi.

“Sasa tuko pamoja,” alisema, na usiku ule alilala mapema.

Nilikaa karibu na mafiga nikiwaza. Kwa siku zote zile nilikuwa nimemwona akipika kwa kuharakisha na kuchelewesha. Kuni, gunia, kivuli, mahali pa kuliweka pipa, vyote vilikuwa vyombo vya kuisukuma pombe mbele au kuirudisha nyuma ili ifike pamoja na watu. Mwenzake wa Himo anafanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili: anakimbizana na joto. Kutoka Moshi mjini, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi vijiji vinavyopakana na lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800, ni mbege ile ile ya ndizi na ulezi, na kila ngazi ya mlima ina hesabu yake ya siku. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuandikwa kikafaa mlima mzima.

Ijumaa ilikuwa siku ya kimea. Bibi alipika mso, uji wa unga wa ulezi, na kuni alizivuta nje ya mafiga ili joto lipande polepole. Hapo ndipo vile vimeng'enya hufanya kazi: maji ya uvuguvugu huviamsha, joto la kiasi cha nyuzi 60 hadi 70 huvipa nguvu, na mchemko huviua. Anayekimbiza moto huviua kabla havijavunja wanga, na uji wake hubaki mzito usio na utamu. Wa bibi uliteremka kwenye mwiko ukiwa laini, na nilipoonja ulikuwa mtamu bila kutiwa sukari hata chembe.

Kisha ukaja msesewe. Huu ni mti wa asili wa maeneo yenye maji, na gome lake ni chungu kweli kweli. Huko Ulaya uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi. Mlimani ni msesewe unaoushika utamu wa ndizi usimchoshe mnywaji. Gome lililokaushwa na kutwangwa huchemshwa na maji yake kutiwa kwenye uji. Bibi alipima kwa kiganja, akaangalia, akarudisha kidogo. Alisema hapo ndipo wapishi wanapotofautiana kuliko mahali pengine pote. Wapo wazee wanaosifu mbege inayouma ulimi, lakini gome likizidi huleta kichefuchefu, na mtu hapaswi kuumwa kwa sababu ya posa. Alinipeleka hata kwenye mti wenyewe, nyuma ya zizi. Gome lilikuwa limechubuliwa upande mmoja tu, na jeraha la zamani lilikuwa limeanza kujifunika. Anayezungusha kisu shina zima, alisema, anakunywa mara moja na kuwanyima wajukuu.

Mchana nyalu ilitiwa maji, ikafikichwa kwa mikono na kuchujwa, machicha yakawekwa kando. Mso ulisubiriwa upoe. Bibi aliujaribu kwa kutia tone sehemu ya ndani ya mkono, maana ukiingizwa wa moto unaua kila kilicho hai kwenye nyalu. Vilipokutana, pipa lilibadilika rangi na harufu palepale. Nyalu peke yake ni kali, imekwisha kula sukari yake. Mso huiletea chakula kipya na uzito, na uchachu huanza upya kwa kasi. Wakati huo mchanganyiko bado ni mtamu, na wajukuu walipewa kila mmoja kikombe kidogo. Baada ya hapo pipa likafungwa. Usiku mmoja tu ulikuwa umebaki.

Jumamosi alfajiri bibi alifunua, akatia kata, akaonja. Hakusema kitu. Alinipa mimi.

Nitajaribu kuieleza kwa uaminifu. Ilikuwa nzito kuliko bia na nyepesi kuliko uji. Kwanza ulikuja utamu wa ndizi iliyopikwa sana, wenye moshi kidogo ndani yake, kisha uchachu safi kama wa maziwa mgando mapya, kisha msesewe ukafunga kinywa, na chengachenga za ulezi zikabaki ulimini. Hakuna ladha iliyoishinda nyingine. Mchemko ulikuwa bado hai, ukichomachoma ncha ya ulimi. Nilitaka kuisifu, lakini bibi alikuwa ameshaanza kuwahimiza vijana wapakie.

Tulikwenda kwa pikapu, akina mama nyuma wakishika mapipa yasiyumbe. Kwa wakwe tulisubirishwa kwa heshima, tukakaribishwa. Upande uliopika ulionja kwanza mbele ya wote, kama ilivyo desturi, kuonyesha kwamba kilicholetwa ni salama. Ndipo kata ikapelekwa kwa mzee mkubwa wa nyumba ile. Alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akanywa, akampa wa pembeni yake. Kata ilizunguka kimya hadi ilipomfikia mtu wa mwisho. Kisha mzee akauliza mbege hii imetoka jikoni kwa nani. Bibi akatajwa, naye akainamisha kichwa. “Aika,” alisema mzee, yaani asante, na wengine wakaitikia: aika. Mazungumzo ya mahari yakaanza.

Kwa Wachaga mbege imekaa mahali hapo tangu zamani. Imekuwa malipo ya waliozibua mfongo pamoja, imewakalisha waliogombana mpaka, imefuata jani la sale mtu alipokwenda kuomba msamaha. Haya yote ni mambo yenye tarehe. Watu huitwa, hukusanyika, na ikiwa pombe haijawa tayari au imeshapita, aibu ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo ustadi wa mpishi umejengwa juu ya miadi. Kufikia saa kumi siku ile niliona uchachu umeanza kutawala, na Jumapili asubuhi mabaki ya pipa yalikuwa makali yenye kukunja uso. Bibi hakusikitika. Aliyagawa kwa waliotaka, yaliyobaki akawapelekea nguruwe, akalisuuza pipa kwa maji matupu.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali langu, kwa kuwa nilikuwa nimejizuia wiki nzima. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

“Ile ya jana, mwanangu. Ilifika pamoja na wageni.”

Wapo wapishi wa nyumbani wa namna nyingine, nami nawaheshimu. Huko Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria iliyowaruhusu watu kutengeneza bia yao nyumbani bila kulipa ushuru wa serikali kuu, na tangu hapo maelfu wamejaza gereji na majiko yao vipimajoto, mizani na madaftari. Wengi wao wanatafuta bia iliyo bora kisha wanatafuta namna ya kuirudia, chupa hii iwe sawa na ile. Nia hiyo ni njema, na imewapa walimwengu bia nyingi nzuri. Lakini inasimama juu ya wazo kwamba ubora ni kitu kinachoweza kusimamishwa na kuhifadhiwa. Kiwanda nacho hupasha bia joto na kuua hamira yake ili isiendelee kubadilika. Arusha kuna kampuni ya Banana Investments, ambayo kinywaji chake cha ndizi, Raha, huuzwa ndani ya chupa na kusafiri mbali. Nafurahi kwamba ndizi zetu zimepata njia hiyo. Hata hivyo bibi wa Marangu yuko kwenye kazi tofauti. Yeye hataki kuisimamisha pombe. Anataka ifike, na anakubali kwamba kesho haitakuwepo. Ubora wake una saa, una mahali, una majina ya watu waliokuwepo.

Kwa sababu hiyo naona wanakosea wanaoiita mbege pombe duni ya vijijini, ya wasio na uwezo wa kununua chupa. Duni ni nini katika kazi inayodai kuijua mbegu iliyo hai na iliyokufa, kuusoma moto kwa rangi, kupima uchungu kwa kiganja, na kupanga wiki mbili za uvundikaji, uotaji na uchachuaji zikutane asubuhi moja? Ni elimu ya mkemia na ya mkulima kwa pamoja, na mara nyingi ndiyo iliyolipa karo za watoto ambao leo wanaagiza bia ya kopo wakiwa mjini. Sisahau upande wa pili. Nimeona, Kagera na Kilimanjaro, nyumba zilizoharibiwa na ulevi, na nimeona vilabu ambako mtu huanza kunywa kabla ya kwenda shambani. Mpishi mwenye heshima naye analijua hilo. Bibi hapiki kila wiki. Hupika kunapokuwa na jambo.

Kinachonipa hofu ni kwamba elimu hii imelala kwa watu wachache. Kwetu Kagera tumeshaonja jinsi mambo yanavyoweza kukatika. Mnyauko wa bakteria ulithibitishwa Uganda mwaka 2001 na ukaingia mkoani kwetu mwaka 2006, ukapiga migomba bila huruma, ile ya pombe ikiwemo. Mgomba ukifa, mtumbwi wa lubisi hukauka na kupasuka, na kijana aliyekuwa ajifunze kukanyaga anajifunza jambo jingine. Mlimani kuna mashina ya msesewe yaliyochubuliwa pande zote, na kuna mabinti wanaojua kuchemsha ndizi lakini hawajawahi kuambiwa waweke sikio kwenye pipa. Kuandika vipimo hakutatosha, kwa kuwa vipimo vya Marangu haviifai Himo. Mtu anapaswa kukaa jikoni msimu wa baridi na msimu wa joto, akosee na kusahihishwa, hadi mwili wake ujue. Mjukuu wa bibi, yule aliyesogeza pipa, ameanza kuhesabu siku pamoja naye. Ni mvulana, na hakuna aliyemzuia. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kusema, mimi niliyekua nikitumwa nyasi.

Desemba inakuja, na mabasi ya kaskazini yatajaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Mapipa yataanza kujazwa wiki kadhaa kabla, na mama fulani atakuwa anahesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka tarehe 25. Ukikaribishwa, usiulize kwanza ina nguvu kiasi gani. Uliza imechanganywa lini, na ni nani aliyeipika. Ukiambiwa ni jana, na mpishi yupo, nenda jikoni ukamwamkie kabla hujaketi, kisha unywe mchana huo huo.